Kuacha kazi ya ofisini na kufungua biashara ndogo Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wenye ajira: walimu, wahasibu, makarani, wauguzi, maofisa wa benki. Majibu yameandikwa kwa kufikiria Jiji la Tanga. Aliye Muheza, Pangani au Korogwe anaweza kuyatumia vilevile, ila suala la leseni atalipeleka kwenye halmashauri yake.

### Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

1. Nitajuaje kwamba wakati wa kuacha kazi umefika?

Angalia mwezi mbaya kuliko yote wa biashara yako. Kila biashara Tanga ina mwezi wake wa ukame. Mgahawa wa mchana hulala Ramadhani nzima. Muuza samaki hubanwa wakati wa kusi, bahari ikichafuka na vyombo vikirudi na kidogo. Steshenari hupoa Desemba shule zikifungwa, na duka la nguo lililokuwa halina pa kupita wiki ya mwisho kabla ya Idi hukaa kimya sikukuu ikishapita.

Chukua mwezi huo, ondoa pango, umeme, posho ya msaidizi na fedha ya kurudisha mzigo uliouzwa. Kilichobaki kikitosha chakula cha nyumbani, nauli na matibabu madogo, wakati umefika. Kisipotosha, bado. Wengi ninaowafahamu waliojuta waliandika barua baada ya mwezi mmoja mzuri, na mara nyingi ulikuwa mwezi wa sikukuu.

Biashara ambayo haijatimiza mwaka hujauona mwezi wake mbaya. Soma swali la 3.

2. Duka langu linauza zaidi ya mshahara wangu. Si inatosha?

Mauzo na mshahara havilinganishwi. Tuseme una duka la vyakula Makorora linalouza 120,000 kwa siku, siku 26 za mwezi. Hayo ni mauzo ya 3,120,000, na namba hiyo huwalevya watu. Lakini kwenye unga, sukari, mafuta na mchele faida ni nyembamba. Tuifanye asilimia 12: unapata 374,400. Toa pango 80,000, umeme wa LUKU 25,000 na msaidizi 100,000. Umebaki na 169,400, na kodi ya mapato bado hujalipa (swali la 14).

Upande wa pili, karatasi yako ya mshahara haionyeshi kila kitu unachopewa. Mwajiri anakuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii, pengine na bima ya afya. Ukiugua wiki mbili bado unalipwa. Na kuna jambo ambalo hakuna anayelihesabu: muuza duka wa mtaani anakukopesha kwa sababu anajua tarehe yako ya mshahara. Siku unayoacha kazi, vyote hivyo vinakuwa gharama zako au vinaondoka.

Usinielewe vibaya, kuna maduka yanayolipa kuliko ofisi. Wenye maduka hayo wanajua faida yao kwa kila bidhaa, hawaongei mauzo.

3. Nianze nikiwa bado kazini?

Kwa wengi, ndiyo. Kwanza soma mkataba wako, kwa maana mingine inakataza kazi ya nje au biashara inayoshindana na mwajiri. Mtumishi wa umma naye ana kanuni za maadili: asitumie muda wala vifaa vya ofisi, na asijiingize kwenye biashara inayogongana na majukumu yake.

Tatizo la kweli huwa ni nani anakaa dukani. Biashara ya kuachiwa kijana huku wewe unaipigia simu kutoka ofisini haikufundishi chochote, na hesabu yake huwezi kuiamini. Hapa ndipo likizo inapokuwa na thamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 zenye malipo. Zichukue zote kwa mkupuo, ukae mwenyewe nyuma ya kaunta kuanzia asubuhi mpaka unafunga.

Ukikaa hivyo utaona mambo ambayo simu haikuambii. Utaona mteja anayeshika bidhaa, anauliza bei, anairudisha na kuvuka barabara. Utaona kwamba kati ya saa nane na saa kumi jua limekaza na hakuna anayepita, na taa na friji vinakula umeme. Utaona msambazaji wa soda anakuja siku ambayo droo haina kitu. Pia utajijua mwenyewe: kuna watu ambao siku ya kumi tu wameshachoka kutabasamu, na ni heri wakajua wakiwa bado na ajira.

4. Nimechoshwa na bosi wangu. Hiyo si sababu ya kutosha?

Ni sababu ya kutosha kutafuta kazi nyingine. Dukani utakuwa na mwenye nyumba, msambazaji, ofisa biashara wa jiji na mteja wa mkopo, na wote watakupangia.

### Fedha

5. Niwe na akiba ya kiasi gani?

Tenga mafungu matatu na yasikutane kamwe: mtaji wa mzigo na vifaa, matumizi ya nyumbani, na dharura. Fungu la nyumbani liwe la miezi sita kwa uchache. Kama wewe ndiye pekee unayeingiza kipato, nenda miezi tisa. Ukiacha kazi Oktoba, kumbuka kwamba Januari inakuja na ada, sare na madaftari kabla duka halijakujua.

Mafungu haya yakikaa akaunti moja au simu moja, la nyumbani ndilo litakalokula la mzigo. Fungua akaunti tofauti, au laini tofauti ya simu kwa ajili ya biashara tu, yenye lipa namba yake.

6. Nichukue mkopo wa mshahara halafu niache kazi, mkopo uwe mtaji?

Hapana. Benki imekupa fedha ile kwa kutegemea mshahara. Ukiacha kazi, mikataba mingi inairuhusu kudai salio lote kwa pamoja na kushika stahiki zako za mwisho. Utaanza biashara ukiwa na deni lililoiva na mzigo ambao haujauzika. Hata benki ikikubali uendelee kulipa kidogokidogo, rejesho la kila mwezi halijui mwezi mbaya.

Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, ni hatari zaidi, na inawanasa hasa walioacha kazi karibuni kwa sababu benki zimewafungia mlango. Akiba yako mwenyewe, SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya kazini uliyoiwekea miaka, au VICOBA, vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopa, mnavyofahamiana ni njia bora. Ipo pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Pa kuanzia ni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Itachukua muda, kwa hiyo usiiweke kwenye bajeti ya miezi ya kwanza.

7. Nikiacha kazi nitachukua michango yangu ya hifadhi ya jamii, NSSF (sekta binafsi) au PSSSF (watumishi wa umma)?

Hili ndilo swali lenye machozi mengi. Fao la kukosa ajira lililowekwa na sheria za mwaka 2018 ni la mtu aliyepoteza kazi bila kupenda. Aliyeandika barua ya kuacha kwa hiari yake halimhusu. Usijenge mtaji wako juu ya fedha hiyo.

Michango haijapotea, inakusubiri. Pensheni ya uzee inahitaji miezi 180 ya kuchangia, yaani miaka 15, na umri wa miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Kwa hiyo kabla ya barua, omba taarifa ya michango yako uhesabu miezi. Mwenye miezi 168 ana mwaka mmoja tu wa kuvumilia kabla ya kufikia kiwango hicho, na ningemshauri auvumilie. Mwenye miezi 40 anaweza kuendelea kuchangia NSSF kama mtu aliyejiajiri. Mwanachama wa PSSSF aulize pia vipindi vyake vitaunganishwaje akihamia NSSF.

8. Na deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu?

Mwajiri akiacha kukukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, deni linabaki palepale. Jitambulishe Bodi kwamba sasa umejiajiri, uombe namba ya malipo na ulipe mwenyewe kila mwezi.

9. Bima ya afya je?

Kadi uliyopewa kwa ajili ya ajira inakoma pamoja na ajira. Kama mwenza wako ameajiriwa, ulizeni kwanza kama unaweza kuingizwa kama mtegemezi wake. Kama hakuna, bei ya bima binafsi iingie kwenye hesabu ya swali la 1 pamoja na chakula na nauli. Watu huiacha nje kwa sababu wana afya leo, na mtoto mmoja akilazwa hospitali ya Bombo wiki moja, fungu la mzigo ndilo linaloguswa.

### Kuondoka

10. Notisi ni ya muda gani, na nitalipwa nini?

Kwa anayelipwa kwa mwezi, kima cha chini cha notisi kisheria ni siku 28. Mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Mtumishi wa umma afuate kanuni za utumishi wake.

Unastahili mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka kumi, kimewekwa kwa ajili ya anayeachishwa na mwajiri. Anayeondoka mwenyewe asikipigie hesabu, isipokuwa mkataba wake unasema vingine.

11. Biashara ikigoma, nitarudi ofisini?

Sekta binafsi, inategemea ulivyoondoka. Kabidhi faili zote, mfundishe anayekupokea, na usiseme maneno ya mwisho yaliyokujaa moyoni miaka kumi. Serikalini kurudi ni kugumu zaidi, kwa hiyo mtumishi wa umma aulize kwanza kuhusu likizo bila malipo kabla ya kuacha kabisa.

### Biashara yenyewe, hapa Tanga

12. Biashara gani inalipa Tanga?

Hakuna jibu moja, ila kuna namna ya kuutazama mji. Fedha ya Tanga ina vyanzo vyake: bandari, viwanda vya saruji na maziwa, mkonge, machungwa ya Muheza, mboga zinazoshuka kutoka Lushoto, samaki wa mialo ya Deep Sea na Kasera, abiria wa stendi ya Kange, na mishahara ya watumishi. Jiulize biashara yako inanywa kwenye chanzo kipi na chanzo hicho hukauka lini.

Bandari imebadilika kweli. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari. Sasa kina kimechimbwa hadi mita 13 na kuna gati la mita 450 ambapo meli hufunga zenyewe. Hiyo ni kazi ya kudumu, na inazaa madereva, mawakala wa forodha, mafundi na walaji wa chakula cha mchana kila siku. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, na ujenzi wake umeleta wapangaji na walaji wengi. Lakini mjenzi huondoka akimaliza. Ukifungua nyumba ya wageni au mgahawa kwa kuwategemea wajenzi peke yao, weka kwenye hesabu yako siku watakapofunga mizigo.

Kipimo kingine ninachokipenda: nani atanunua kwako Jumanne ya tarehe 17? Mwisho wa mwezi kila duka la Ngamiani lina wateja. Tarehe 17 mshahara umekwisha, na anayekuja siku hiyo ndiye mteja wako wa kweli.

Usiige pia kwa sababu jirani anauza. Barabara moja ikiwa na mawakala wa fedha watano, wa sita anagawana nao kamisheni ileile. Mtu aliyetoka ofisini mara nyingi ana kitu ambacho jirani hana: mhasibu anaweza kutunza vitabu vya maduka kumi, karani wa bandari anajua nyaraka, mwalimu anajua shule zinahitaji nini na lini. Huo ni mtaji usiohitaji fremu ya duka, na ningeanza nao.

13. Nimepata fremu nzuri. Niangalie nini kabla ya kulipa?

Kaa ng'ambo ya barabara kuanzia asubuhi hadi jioni, siku ya kazi na siku ya mapumziko, uhesabu wanaopita kwa miguu upande huohuo wa fremu. Bajaji nyingi zinazopita kasi hazikusaidii. Waulize majirani maji yanafika wapi wakati wa masika. Angalia mita ya LUKU kama ni yako peke yako au mnachangia na saluni ya jirani. Uliza choo.

Kuhusu fedha, wenye nyumba wengi wanataka miezi sita au mwaka kwa pamoja, na aliyekutangulia anaweza kutaka kilemba, yaani fedha ya kukuachia nafasi. Kilemba humlipi mwenye nyumba, kwa hiyo hakikupi haki yoyote kwake. Zungumza na mwenye nyumba kwanza, mkataba uandikwe na usainiwe, ndipo mambo ya kilemba na dalali yafuate.

Jambo linalowashtua wengi ni kodi ya zuio. Mpangaji wa eneo la biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa niaba ya mwenye nyumba. Pango la 100,000 kwa miezi sita ni 600,000, na zuio ni 60,000. Ukikubali kumpa mwenye nyumba 600,000 kamili, ile 60,000 itatoka mfukoni mwako siku utakapofuatwa. Liandikeni kwenye mkataba nani anaibeba.

14. Vibali nianze na kipi, na TRA watanitoza kiasi gani?

Uwe na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Chukua namba ya mlipakodi (TIN) TRA, ambayo ni bure. Ukitaka jina la biashara tofauti na lako, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kisha leseni ya biashara ndogo unaiomba Halmashauri ya Jiji, ukiwa na mkataba wa pango na hati ya TRA ya kutodaiwa kodi. Chakula kina masharti ya ziada: wahudumu kupimwa afya, jengo kukaguliwa, na bidhaa za kufungasha kupita Shirika la Viwango (TBS). Kwa mzalishaji mdogo, pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani kwanza. Watakuelekeza na kukutambulisha.

Kodi ya mfanyabiashara mdogo hukadiriwa kwa mauzo ya mwaka. Yasiyozidi milioni 4 hayatozwi. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu za mauzo hulipa 100,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 5 na daftari safi analipa 30,000. Jirani yake asiyeandika analipa 100,000 kwa mauzo yaleyale. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu ni 250,000. Malipo hugawanywa mara nne kwa mwaka. Zingatia kwamba kinachohesabiwa ni mauzo, hata mwezi ambao faida haikuonekana. Duka la swali la 2 linauza zaidi ya milioni 37 kwa mwaka, kwa hiyo limevuka viwango vyote hivi, na kumbukumbu kwake ni lazima.

### Nyumbani na jamaa

15. Mwenza wangu na wazazi wanapinga. Nifanyeje?

Wasikilize, maana mshahara wako una watu wengi ndani yake. Una dawa za mama, ada ya mdogo wako, michango ya harusi na misiba. Kwao barua yako ni habari kwamba fedha hiyo inaweza kukoma, na wana haki ya kuuliza.

Keti na mwenza wako na karatasi. Mwonyeshe mwezi mbaya, mafungu matatu, na tarehe mtakayokaa tena kuangalia. Mwenza anayezijua namba atakuvumilia mwezi wa ukame; anayefichwa atajua siku jiko likizima. Kwa wazazi, mwambie mama mwenyewe, uso kwa uso: "Mama, kwa mwaka huu nitakuwa naleta nusu, na dawa sitaziacha." Halafu usiziache.

16. Ndugu wanakopa dukani na hawalipi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Jipangie mshahara kutoka dukani, mdogo, wenye tarehe. Shangazi akija na shida, msaada utoke kwenye mshahara wako, na bidhaa anayochukua ilipiwe kwenye droo siku hiyohiyo kutoka mfukoni mwako. Hivyo unaendelea kuwa mtu mwenye utu na duka linabaki na mzigo. Wateja wengine wa mkopo waandikwe jina, tarehe na kiasi, nao waweke saini.

### Hali za pekee

17. Nina miaka 52. Nimechelewa?

Hujachelewa, ila una haraka ya nini? Miaka mitatu hadi 55 ni muda mzuri wa kuijenga biashara huku unachangia (swali la 7). Na mafao yakitoka, usiyamwage yote kwenye mzigo.

18. Ni mjamzito, nataka kuacha ili nifanye biashara nyumbani.

Subiri kwanza. Sheria inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukiacha kazi kabla, umeiacha stahiki hiyo mezani. Jifungue, chukua likizo, ndipo uamue.

19. Sikuacha, nimepunguzwa.

Mengi yaliyosemwa hapa yanageuka. Kiinua mgongo cha swali la 10 na fao la swali la 7 vinaweza kukuhusu. Ukiona umeachishwa isivyo haki, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Usisaini kitu kabla ya kuuliza.

20. Biashara ikishindikana, nifunge lini na vipi?

Panga kabla ya kufungua: kiasi ambacho hasara ikikifikia unasimama, na kiandike mwenza wako akione. Fungu la nyumbani likishuka hadi miezi miwili, anza kutafuta kazi palepale, duka likiwa bado wazi.

Ukifunga, uza mzigo kwa bei ya kununulia ungali unauzika, mpe mwenye nyumba taarifa kwa muda uliomo kwenye mkataba, na uandike barua TRA na kwa ofisa biashara kwamba umesitisha. Wengi hufunga mlango tu na kuondoka. Makadirio ya kodi yanaendelea kuhesabiwa, na deni wanalikuta siku wanaporudi kuomba leseni ya biashara nyingine. Hakikisha nakala ya barua yako imepigwa muhuri wa kupokelewa, na uitunze.